Mbavu za Protase

Watu wa Bukoba wanaikumbuka Septemba ya mwaka 2016 kwa tetemeko. Verdiana wa Kibeta anaikumbuka kwa siku tisa zilizolitangulia.

Nyuma ya mlango wake kulikuwa na msumari, na msumarini bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwa na picha ya kifua cha marehemu mumewe, Protase, ile wanayopiga hospitali, mbavu nyeupe kwenye weusi. Ilipigwa mwaka 2013, kikohozi kilipomkaba. Novemba hiyohiyo, Jumapili jioni, jua lilipatwa na mtaa mzima ukatoka nje. Protase akaiinua picha mbele ya macho ya mkewe.

"Tazama kupitia kwangu," akacheka. "Mbavu zangu ukuta."

Verdiana akatazama mpaka jua likawa jembamba kama ukucha. Alipogeuka acheke na mumewe, pale penye uso palikuwa na shimo jeusi. Masikio aliyaona. Mabega aliyaona. Uso haukuwepo.

Protase aliishi miezi mitatu tu baada ya hapo. Verdiana alimnywesha uji akiupapasa mdomo kwa kidole, hata akamzika pale kibanjani, kati ya migomba na mibuni, bila kuuona tena uso wake. Na ndotoni marehemu huja hivyohivyo, kanzu nyeupe, uso hana. "Umeniona?" huuliza.

Watu walipomuuliza Verdiana kuhusu macho, alisema ni uzee, ni mtoto wa jicho. Angemsemaje vibaya marehemu? Mjukuu wake Annastella, wa darasa la tano, alisimuliwa nusu tamu tu: babu yako alinionyesha jua kupitia mbavu zake.

Asubuhi ya Septemba mosi mtoto alinawa uso harakaharaka.

"Kitendawili," Verdiana akasema.

"Tega, Bibi, nachelewa!"

"Ukimtazama anakunyang'anya, ukimpa mgongo anakuonyesha."

"Sijui. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Muleba yote!"

"Muleba ndiko nilikozaliwa, utanipaje kwetu? Nipe mwingine."

"Nitakupa jioni!" Akatoka mbio.

Saa tano Verdiana alikuwa akichekecha unga, mwanga ukaanza kupauka kama wa mgonjwa. Redio ya jirani ikasema jua linapatwa leo, mtu asilitazame kwa macho makavu. Macho makavu! Basi mwenye kitu cha kujikingia atajiona salama. Akainuka, akapapasa msumari. Mtupu.

Alitoka na chekeche mkononi. Alikwenda kichwa upande kama kuku, maana pembe za macho yake bado zilikuwa zinaona. Pembeni humo aliiona kanzu nyeupe ikipita migombani, sambamba naye. Hakugeuka. Alijua akigeuka haipo.

Uwanja wa shule ulikuwa na foleni.

"Wewe Annastella, unalimaliza jua peke yako!" mvulana mmoja, Mwijage, alikuwa akilalamika. "Zamu yangu!"

"Ngoja! Ni babu yangu, siyo wako!"

"Shusha!" Verdiana akaipokonya picha.

"Bibi! Si natazama kupitia mbavu za..."

"Ndizo zilizoninyang'anya macho." Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Siyo uzee, mwanangu. Siyo mtoto wa jicho. Nilitazama kama wewe, na tangu siku hiyo sijauona uso wa mtu. Uso wako ninaoujua mimi ni wa mtoto wa miaka minane."

Akamshika Annastella bega.

"Umetazama kiasi gani?"

"Nilihesabu hadi hamsini," Annastella akanong'ona.

Verdiana angeweza kulia. Badala yake aliwageuza wote wakalipa jua mgongo, akainua chekeche. Kwenye shati jeupe la Mwijage vikamwagika vijua vidogo, kila kimoja kimemegwa kama kucha iliyokatwa.

"Waitu!" watoto wakapiga kelele. "Majua yamejaa mgongoni!"

"Ukimpa mgongo anakuonyesha," Annastella akasema polepole. "Bibi, ni jua."

"Umepata. Muleba yako baki nayo."

Mtoto akacheka, kisha akaacha. "Mbona shati la Mwijage lina doa katikati?"

"Halina!" wenzake wakasema.

"Lipo. Hata huku lipo. Kila ninapotazama lipo."

Daktari wa macho alisema picha ile haikingi kitu, ni giza tu linalomdanganya mtu atazame zaidi. Dawa hakuna. Wapo wanaopona wenyewe, wapo wasiopona. Verdiana akamnunulia mtoto kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Picha hakuichoma, nani huchoma mbavu za mumewe? Aliifukia miguuni pa kaburi. Na kila asubuhi akatega kitendawili kimoja.

"Nina nini katikati ya uso?"

"Pua, Bibi."

"Unaiona au unaijua?"

Siku ya kwanza mtoto alijifunika uso kwa kofia. Ya tatu akasema, "Naijua." Ya sita akasema doa limekuwa dogo, lakini Verdiana aliogopa kwamba anambembeleza tu. Usingizini Protase aliendelea kusimama na kuuliza, "Umeniona?"

Jumamosi, siku ya kumi ya mwezi, mchana, ardhi ikatikisika. Walitoka nje wameshikana. Ukuta wa jiko ukaenda chini, vumbi likapanda, na Kibeta nzima ikaanza kuita majina ya watu wake. Annastella akayashika mashavu ya bibi yake.

"Bibi, umeumia? Una vumbi puani. Na hapa juu ya mdomo una kovu dogo, mbona sijawahi kulijua?"

"Unaliona?"

"Naliona."

Hapo Verdiana akalia. Walikuwepo waliolia kwa nyumba, na waliolia kwa wafu wao, naye aliona haya kwamba machozi yake hayakuwa ya msiba. Pembeni mwa jicho, migombani, kanzu nyeupe ilikuwa imesimama. Haikuuliza kitu. Naye hakugeuka, aliiacha isimame pale, imtazame mtoto.