Kopo la Sukari Juu ya Kabati

...na usisukume, mzee, acha iteremke yenyewe, anasema nesi akielekea kitanda cha pili, kama vile yeye ni mtu wa kusukuma, ingawa jana alisukuma maneno mpaka wodi nzima ikageuka, mnamtia mwanangu mafuta kama trekta, hii ni hospitali au gereji, na leo ndiye huyu ameshika bomba la sindano la plastiki juu ya kifua cha mwanawe, mkono juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka, maziwa mazito ya mafuta yanashuka kwenye mrija mwembamba unaoingia puani, ukiinua yanakimbia, ukishusha yanasita, ni kazi ya mkono tu, na mkono anao, umezeeka kwa kuvuta ngozi juu ya makochi ya watu, kuvuta bila kuchana... Kijiko, anamwita moyoni, jina la nyumbani, mwalimu wa chekechea huyu, mtu mzima, kifafa kilimpanda pale jikoni kikakataa kushuka, dawa hii, dawa ile, mwisho wakamlaza kwa dawa nzito, na bado chini ya usingizi ule ubongo ulikuwa unachemka, mashine iliuona, na chakula cha mwanzo kilikuwa kinarudi, mashavu yakabonyea, bega likawa kona ya kochi lililoishiwa sponji, na daktari akamwambia, mzee, mwili usiolishwa hujila wenyewe, na mwili unaojila hauponi hata dawa iwe nzuri vipi, sasa huu ubongo tunaubadilishia kuni, sukari tunaunyima kabisa, tunaulisha mafuta, wako wanaotulia, siahidi... hilo siahidi ndilo lililomkalisha kitini, maana mtu anayekwambia siahidi hakuuzii mbao yenye wadudu, na leo asubuhi nesi alimtoboa Kijiko kidole, akatazama kile kipimo, akatabasamu kidogo, mwili umeanza kuunguza mafuta, mzee, kope nazo zimeacha kuchezacheza, ila ikiingia sukari, hata ya kulamba, tunarudi tulikotoka... Baba Kijiko, ananong'ona mama mkwe upande wa pili wa kitanda, na mkononi ana kichupa cha asali, amekitoa kwenye pochi kama mtu anayetoa siri, tone moja tu ulimini, mtoto tangu alale hajaonja utamu, roho nayo huchoka... na yeye atasema nini, yeye mwenye pipi mfukoni, aliinunua getini asubuhi bila kufikiri, mkono ulikwenda wenyewe, kama zamani akitoka karakana ananuka gundi na Kijiko anamngoja mlangoni na kijiko chake, kile chenye mpini uliopinda, na mama yake ameshalificha kopo la sukari juu ya kabati, nyuma ya pasi mbovu, kila wiki analipandisha juu zaidi, lakini yeye baba ni mrefu, anasimama kwa ncha za vidole, mtoto begani, kifuniko kinalia kwaa, na mama mtu amesimama mlangoni, haya, mwizi mrefu na mwizi mfupi, endeleeni, meno mtanunua dukani, na Kijiko huku sukari imemjaa kidevuni, baba ndiye mzuri, mama mchoyo, wanacheka, ah, kicheko kile, leo angetoa karakana na nyundo zake zote akisikie hata kupitia ukutani... na mkewe naye alicheka, alicheka kweli? alicheka, halafu akageuka akasuuza kikombe kilichokuwa kisafi, mbona kikombe kile hakukitilia maanani mpaka leo, marehemu mkewe kaondoka na sifa ya uchoyo na yeye kabaki na ya uzuri, na uzuri wenyewe ulikuwa urefu tu... bibi ameshamimina asali kwenye kijiko, kinakuja juu ya shuka, yeye mkono mmoja ameuinua na maziwa, wa pili anautandaza juu ya midomo ya mwanawe, midomo mikavu, yenye joto, mama, rudisha. Unamnyima mwanao? Namnyima, mama. Bibi kizee anamtazama kama anayemwona mkwe mpya, umekuwa mchoyo lini wewe, tulikuwa na mchoyo mmoja tu nyumbani na nilimzaa mimi. Nimemrithi, mama, funga kichupa, akiamka utamlisha mwenyewe, mimi nitashika sahani. Asipoamka je? Hilo hata daktari hakuahidi, anasikia kifuniko kikizungushwa polepole, bibi anapenga kamasi, nesi kule anacheka na mtu, maziwa yamefika nusu ya bomba, kope zimetulia, kutulia si kuamka, bega linamuuma mpaka shingoni na hashushi, kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa kusimama pale mlangoni, kupenda huku unaitwa mchoyo, na pipi inalainika mfukoni kwa joto la paja, iyeyuke tu, angekuwa na mkono wa tatu angelipandisha kopo lile juu zaidi, juu kabisa, mahali ambapo hata yeye hafiki...