Kihara Hana Hobi

Haya niliambiwa na Tabby, binti wa dada yangu Wariara, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, mwaka jana, tukitoka kanisani. Mvua ilitukuta njiani tukajibanza chini ya paa la posho mill, kinu cha kusaga unga, na kwa vile haikuwa mvua ya haraka alinisimulia yote. Sehemu ya Rongai, kwenye shamba la Wariara, nilienda kumwuliza dada yangu mwenyewe, lakini Wariara si mtu wa kusimulia. Ukimwuliza mlifanya nini, atakuambia, "Tulikaa." Basi hapo nimejaziwa na Mburu, mwanawe, ambaye nyumba yake iko kwenye shamba hilo hilo.

Kihara ni mume wa Tabby. Ana duka la kutengeneza kompyuta na simu Nakuru mjini, nyuma ya Top Market. Mashine anazipenda kweli. Mpelekee redio iliyokufa, ataifungua, atakuonyesha ilipoumia, na atakuambia polepole, kama mtu anayepasha habari ya mgonjwa. Huo upole kwa binadamu hana. Watu wa siku hizi wanamkasirisha kutoka asubuhi hadi jioni, na hanyamazi.

Mwezi wa tisa alipata henia, tena ya kinenani. Daktari Jepkoech alimpima akamwambia ni ya kupasuliwa, tena isingoje sana, kwa sababu utumbo ukinaswa pale huwa ni mambo ya kukimbizana. Akampa siku: Jumanne ya tatu ya Novemba. Halafu akampima presha. Mia moja themanini na nane.

"Na hii," daktari akasema, "hakuna mtu atakuweka usingizi. Siku ikifika iko hivi, tunakurudisha nyumbani, na nafasi nyingine ni mwezi wa tatu. Sitaki ungoje mpaka mwezi wa tatu." Akamwandikia dawa, akamwambia apunguze chumvi, kisha akauliza, "Ukitoka kazini unafanya nini? Una hobi?"

Tabby aliniambia kwamba hapo ndipo aliposhika mkoba wake vizuri, kwa sababu alijua kinachokuja.

"Hobi zilikufa, daktari," Kihara akasema.

"Zilikufa lini?"

"Siku simu ilipopata kamera ya mbele. Mimi nilikuwa hapo, hizo simu niliziuza. Enda Menengai Jumamosi. Utapata watu wanajiita wapanda milima, wamevaa viatu vya theluji. Wanafika juu, wanaligeuzia lile shimo la volkano mgongo, wanapiga picha, wanashuka. Uwaulize ndani kuna nini. Hawajui! Hawajaliona!"

"Si lazima upande mlima. Kuna kuoka, kuna maua—"

"Oka keki moja nzuri uone. Shangazi yako atasema, 'Mbona usiuze?' Wiki mbili, keki ina jina, ina mfuko wa rangi, ina namba ya kulipia. Hapa kwetu mtu haruhusiwi kupenda kitu bure. Ukipatikana unafanya jambo na haliuzwi, wanaanza kuulizana kama ulifutwa kazi. Na hao ndio afadhali. Wengine hawafanyi chochote, wanatazama mwingine akifanya. Nina mteja anatazama mtu akisafisha zulia. Saa nzima! Na zulia si lake!"

Daktari alikuwa hajamfungua kile kitambaa cha kupimia presha. Akabonyeza tena, mashine ikavuta pumzi, ikashusha.

"Mia moja tisini na sita," akasema. "Bwana Kihara, hobi yako nimeiona. Sasa uiache."

Walirudi nyumbani Kiamunyi. Kihara alikuwa ameogopa, ingawa hakusema. Na mtu akiogopa hukimbilia anachokijua. Alinunua mashine yake mwenyewe ya presha, ile ya kujifunga mkononi, akaiunganisha na kompyuta, kila akijipima namba inaingia yenyewe na kuchora mstari. Alijipima akiamka, akinywa chai, kabla ya kufungua duka, baada ya mteja mjinga, kabla ya mteja mwingine. Tabby alihesabu siku moja, ikafika mara ishirini na mbili. Dawa alikuwa anameza vizuri, chumvi aliacha, lakini ule mstari ulikuwa unapanda kama barabara ya kutoka Mai Mahiu.

"Unaukasirikia mstari," Tabby akamwambia.

"Namba haina kosa."

"Sijasema ina kosa. Nimesema unaikasirikia."

Alijaribu kumtii daktari, tusimwonee. Alienda kwaya ya wanaume ya kanisa, maana sauti nzito anayo. Wimbo wa kwanza ulikuwa mzuri, yeye mwenyewe alikiri. Halafu mwalimu akasimamisha simu kwenye mguu wa chuma, akasema turudie ubeti wa pili, video haikushika uso wa mwenyekiti. Wakarudia. Kisha mwanga ukakataa. Ule ubeti waliuimba mara saba. Kihara alirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, hakuvua hata koti, akajifunga ile mashine, akaita, "Tabby! Njoo uone vile kumsifu Mungu kumenifanya!"

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Tabby akampigia mama yake Rongai akamweleza, ila mahali henia ilipo hakutaja, alisema ni tumbo. Wariara akasema, "Mlete."

Sasa, asiyetujua ataona ni jambo dogo. Lakini kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Anakuja, anakaribishwa, anakula, anashukuru, anaenda. Halali chini ya paa lake. Hapandishi sauti mbele yake, hashindani naye kwa maneno, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao. Vijana wengi wameyalegeza haya. Kihara, pamoja na mdomo wake wote, hajayalegeza hata kidogo. Mbele ya Wariara yeye ni "ndio, mami" na "hapana, mami". Kwa hivyo Tabby alipanga alale kwa Mburu, mchana ashinde kwa mama. Yeye alichotaka ni kumtoa dukani tu. Mengine hakuwa ameyafikiria.

Kihara alifika na begi, na ile mashine ndani ya begi. Wariara alimpa kiti kwenye veranda, akampa chai, yeye mwenyewe akaketi kwenye kigoda upande wa pili, akavuta ungo na rundo la mahindi makavu, akaanza kupukuchua kwa mkono. Punje zinaanguka, gunzi linatupwa pembeni, anashika hindi lingine. Akafanya hivyo mpaka Kihara akamaliza chai.

"Mami," akasema, "kuna mashine ya hii kazi."

"Iko. Ya Mburu iko pale stoo. Magunia yote ilimaliza wiki jana, kabla ya saa nne."

"Sasa haya?"

"Haya ni yangu."

Kihara alifungua mdomo. Mburu, aliyekuwa anapita na ndoo, aliniambia aliona kabisa neno likija mpaka kwenye meno. Halafu likarudi. "Ndio, mami," akasema.

Baada ya muda Wariara akamsukumia hindi moja kwa mguu. Mtu hawezi kukaa na mikono mitupu mbele ya mama mkwe anayefanya kazi, kwa hivyo akaliokota. Hindi la kwanza lilimchubua kidole gumba. La pili vilevile. Wariara akamwonyesha bila maneno kwamba unatoboa mstari mmoja kwanza, kisha unasugua na gunzi lililokwisha. Walikaa hivyo mpaka jua likahama.

Siku ya pili, saa za kuku kujificha jua, Kihara aliomba ruhusa kama anaenda msalani, akazunguka nyuma ya ghala na begi lake. Alikuwa hajajipima tangu jana na roho haikuwa inatulia. Akaketi juu ya jiwe, akakunja mkono wa shati, akajifunga. Mashine ikaanza kulia pii, pii. Alipoinua macho Wariara alikuwa amesimama pale na karai la makapi.

Kihara alitaka kusimama, waya ukamshika.

"Kaa, Baba Cate," dada yangu akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Hiyo ndiyo inapima?"

"Ndio, mami."

"Inasema nini?"

"Inasema iko juu."

"Na juzi ilisema nini?"

"Juu."

"Na siku ya kwanza kuinunua?"

"Juu, mami."

Wariara akawamwagia kuku yale makapi, akakung'uta karai. "Basi haina habari mpya. Iweke. Jumanne tutaisikiza." Akaanza kuondoka, akageuka. "Na hapo wanapasua, ni tumbo la upande gani?"

Kihara aliwatazama wale kuku muda mrefu.

"Tumbo la kawaida, mami."

"Sawa," Wariara akasema, na Mburu ananiambia aliingia jikoni akacheka na kitambaa mdomoni mpaka machozi yakamtoka.

Ile mashine ilirudi kwenye begi ikakaa huko. Dawa Mburu alikuwa anamwekea mezani asubuhi na jioni, na zilikuwa zinafanya kazi yake, hilo silikatai. Siku ya nne au ya tano walikuwa wanaongea kidogo, Wariara akiongoza. Alimwambia ameona kwa televisheni watu wanakimbia juu ya mkanda ndani ya nyumba, jasho linawatoka, na dirishani kuna barabara. Akauliza, "Hao wanaenda wapi?" Nyumbani kwake Kihara angehutubia saa mbili juu ya jambo hilo. Hapa alisema tu, "Hata mimi sijui, mami," na akaendelea kusugua hindi, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

Lakini wiki ni wiki, na Jumanne ikafika.

Tabby alimchukua mapema, saa kumi na mbili asubuhi wakawa hospitali, hajala, hajanywa. Wakamvika lile gauni la kufungwa nyuma, wakamlaza kwenye chumba cha kungojea tiata, yaani chumba cha upasuaji. Nesi akaja akapima. Mia moja sabini na nne. Akakunja uso. "Daktari amesema mia moja sitini, si zaidi. Pumzika, nitarudia baada ya nusu saa. Ikikataa, tutaita mwingine."

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na kijana aliyevunjika mguu kwa pikipiki, naye pia anangoja. Mara tu nesi alipotoka, yule kijana akatoa simu chini ya shuka, akaiinua juu ya uso, akapaza sauti.

"Niaje wadau! Leo ndio leo! Chuma inaingia kwa mguu. Niandikieni hapo chini, nikiamka nisome zote. Ngoja niwaonyeshe jirani yangu hapa. Mzee, sasa! Salimia watu!"

Tabby anasema aliona shingo ya mume wake ikibadilika rangi. Aliona kifua kikijaa. Kihara aliinuka kwa kiwiko. Yale yote ya kamera ya mbele, ya shimo la Menengai na zulia la mtu mwingine, yalikuwa yamesimama mlangoni yanasukumana, na mwezi wa tatu uko mbali. Kumwambia nyamaza haijawahi kusaidia, miaka kumi na saba ya ndoa. Tabby akajiwa na mtu mmoja kichwani. Akatoa simu, akapiga, akanong'ona maneno mawili, akamwekea Kihara sikioni.

"Mami anataka kukusalimia."

Kihara alirudi chini. Alinyoosha miguu, akavuta lile gauni likafunika magoti, kama kwamba Wariara angemwona kutoka Rongai.

"Ndio, mami. Tuko salama. Ndio."

Dada yangu, ambaye kwa simu hazidishi dakika moja, siku hiyo aliongea. Alimweleza kuku mweupe ametaga ndani ya kiatu cha Mburu. Alimweleza mvua imeshika upande wa juu lakini huku chini ni manyunyu. Alimtajia mahindi aliyoyatenga ya mbegu, na yale ya kuchemsha na maharagwe, na yale ambayo hajaamua. Kihara alisikiliza, maana huwezi kumkatiza. Nesi akaja, akamfunga mkono, akasema, "Usiongee nikipima," na hakukuwa na haja ya kumwambia. Kutoka kitanda cha pili kijana bado anawaambia watu wake habari ya mguu, Kihara akageuza uso ukutani ili amsikie mama mkwe vizuri.

Mashine ikashusha pumzi. Nesi akaangalia, akapima mkono ule mwingine ili awe na hakika.

"Mia moja hamsini na mbili," akasema. "Huyu twende naye."

Wakamsukuma. Daktari Jepkoech alimwambia Tabby baadaye kwamba ndani ya tiata Kihara alisahau kuogopa. Aliona mashine ya usingizi, mirija yake na taa zake, akauliza imetengenezwa mwaka gani, akauliza ule mstari wa kijani unapima nini. Mwenye dawa ya usingizi akaanza kumweleza, na hakuwa amefika mbali, Kihara akalala.

Tabby alibaki kwenye benchi ya nje na mkoba mapajani. Akampigia mama yake, akamwambia ameingia. Alikuwa anataka kungoja akiwa macho, lakini mwezi mzima kabla ya Rongai hakuwa amelala vizuri, akisikiliza mume wake akipumua. Akaegemeza kichwa kwenye ukuta, pale watu wanapopita, akalala.

Rongai, Wariara aliweka simu dirishani. Mburu anasema mama yao hakuwa amefumba jicho tangu Jumapili na hakuwa amemwambia mtu. Alikalia kigoda chake akashika hindi, akaliangalia, akaliweka chini. Kisha akaingia ndani, akavua viatu akavipanga, akajilaza juu ya kitanda na leso yake begani, na kuku wakipiga kelele zao uani, akalala.