Hatua ya Tisa

"Mwezi uliopita mwongozo wako ulifunguliwa mara nne," meneja alisema, akimgeuzia skrini ajionee. "Na mara tatu kati ya hizo, dada yangu, ni wewe mwenyewe."

Dada Hatua aliinama kuisoma skrini. Jina hilo alibandikwa zamani, kwa kuwa kila alichoandika kilikuwa na namba: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miaka kumi na tisa alikuwa akiuandika na kuurekebisha mwongozo wa programu ya majalada. Kila programu ilipobadilishwa, alikaa peke yake akibonyeza kitufe kimoja kimoja, akipiga picha kila dirisha, akisahihisha kurasa mia mbili na kumi. Waliotengeneza programu walipewa vyeti, wakapigiwa makofi ukumbini. Aliyewaeleza watu namna ya kuishi nayo alipewa kiti chenye mguu mbovu. Siku ile ya vyeti aliikumbuka mpaka rangi ya vitambaa vya meza.

"Leo saa kumi tunaufuta," meneja aliendelea. "Siku hizi tuna msaidizi wa kompyuta. Mtu anauliza, anajibiwa papo hapo."

"Huyo msaidizi alisomea wapi?"

Meneja akajikuna shingo. "Tulimlisha mwongozo wako."

"Ahaa. Mtoto kashiba, sasa mnavunja chungu."

"Usikasirike, dada. Utapangiwa kazi nyingine."

"Na ile mara ya nne? Alikuwa nani?"

"Masjala, kule chini. Labda walikosea kubonyeza."

Akashuka ngazi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kupata swali hata moja kutoka kwa wasomaji wake, na ukimya huo aliuchukua kuwa ndiyo sifa. Marehemu mama yake alizoea kumuuliza kwenye simu, "Na hao unaowaandikia, wanakujibu?" Naye akimwambia, "Wakielewa, mama, wana haja gani ya kujibu?"

Masjala ilinuka vumbi na karatasi kuukuu. Karani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akigonga mihuri. Kwenye ubavu wa kabati palikuwa pamebandikwa ukurasa ndani ya plastiki iliyogeuka manjano. Ukurasa wa thelathini na moja. Dada Hatua aliutambua akiwa bado mlangoni, kama mtu anavyomtambua mwanawe kwa mwendo tu.

Alipokaribia, akaona alama za kalamu. Rangi tatu za wino, miandiko ya watu tofauti. Hatua ya tisa, *Bonyeza Hifadhi*, ilikuwa imekatwa kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Pembeni: *UONGO! Namba ya rafu kwanza, ndipo uhifadhi.*

"Ukihifadhi kwanza," karani alimweleza bila kuinua uso, "programu inajitungia namba yake. Jalada lenyewe liko huku, namba inasema kule. Kuna mjane tulimzungusha miezi saba. Jalada la mumewe lilikuwa rafu hiyo hapo nyuma yako."

Dada Hatua hakugeuka. "Tangu lini?"

"Miaka minane hii. Mwezi uliopita nikaufungua kwenye kompyuta, nione kama wamejirekebisha. Wapi! Uongo ule ule. Nikaufunga."

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani, mwanangu? Hebu soma hapo chini."

Akasoma: *Imeandaliwa na Kitengo.*

Toleo la kwanza lilikuwa na jina lake, kwa herufi ndogo kama mchwa. Bosi wa enzi hizo alilikata kwa kalamu nyekundu mbele ya wenzake. "Mwongozo hauna mama," alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Yeye naye alicheka. Yeye alikwisha kumsamehe bosi. Kicheko chake mwenyewe, bado.

"Wajanja sana hao wa juu," karani aliendelea. "Kuandika tu. Hawajashika jalada hata siku moja."

Dada Hatua aliliangalia tena neno *Kitengo*. "Kweli," akasema. "Hawajashika."

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alipoketi tena kwenye kompyuta yake. Kuhamisha hatua moja ni kuzihamisha zote zinazoifuata, pamoja na picha zake. Akafanya hivyo. Akachapa ukurasa mmoja tu, wa thelathini na moja. Saa kumi kamili skrini ikaandika: *Ukurasa huu haupo.*

Alipofika chini, masjala ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Akaiegemeza karatasi ukutani, akakata neno *Kitengo*, akaandika jina lake na la baba yake, kisha namba ya simu ya mezani kwake. Akaipenyeza chini ya mlango. Pembe moja ilibaki nje. Akaisukuma kwa kidole mpaka ikamezwa.

Juu, wenzake walikwisha kuondoka. Akaketi kwenye kiti chake kilichopinda, akaitoa simu nyuma ya maboksi, akaifuta vumbi kwa mkono wa blauzi. Akainua mkonga na kuuweka sikioni. Laini ilikuwa hai, inavuma. Akaurudisha taratibu, kisha akaisogeza simu karibu zaidi.