Kope za Bi Mwanamkasi

Mastura aliposhuka kwenye bajaji pale Makorora, alikuwa ameshapamba maharusi wawili tangu alfajiri, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakupata usingizi wa maana. Mama yake, aliyepooza upande mmoja tangu mwaka jana, alihitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na ingawa mchana jirani alimwangalia, usiku hapakuwa na mkono mwingine wa kumgeuza. Begi la vipodozi, ambalo siku nyingine hulibeba begani bila kulifikiria, leo alilikumbatia kwa mikono yote miwili.

Shadya, binti aliyempigia simu, alimpokea mlangoni na kumwingiza chumbani. Mastura alitarajia kumkuta msichana. Kitandani alikaa mama wa miaka hamsini na kitu, amejifunga kanga, anakunywa chai.

"Shikamoo," Mastura akasema, macho yakizunguka chumba.

"Marahaba, mwanangu. Usitafute sana, bibi harusi ndiye mimi."

Jina lake Bi Mwanamkasi. Alikuwa mjane kwa miaka kumi na moja sasa, na alasiri hiyo angeolewa na mzee Sabiri, mkulima wa minazi wa Moa. Mastura akaomba radhi, akafungua begi, akaanza kazi. Poda, nyusi, rangi ya midomo, yote yalikwenda vizuri kwa sababu mikono ilijua njia hata akili ikiwa imelala. Walipofika kwenye kope, akatoa maskara mbili akaziweka juu ya kitambaa.

"Hii haitoki kwa maji mpaka uipake mafuta. Hii nyingine ni ya kawaida, ukinawa inatoka."

"Ya kwanza," Shadya akadakia. "Mama atalia, itamchuruzika mpaka kidevuni."

"Nililia harusi ya kwanza, sikuulizwa. Hii nimeitaka mwenyewe, nilie nini?" Bi Mwanamkasi akaiokota ile ya kawaida. "Halafu mimi nina swala. Maji yasipofika kwenye kope, udhu wangu utakuwa udhu gani? Nipake hii. Ikitoka, itapakwa tena."

Shadya akatoka akinung'unika. Mastura akafuta brashi mdomoni mwa kichupa ili isibebe wino mwingi, akamwambia Bi Mwanamkasi atazame chini. Kope zilikuwa fupi na chache. Jicho la kulia alilimaliza salama. Kwenye la kushoto mkono ukacheza, na brashi ikaingia jichoni.

"Yallah! Nisamehe mama, nisamehe." Chozi jeusi lilishateremka shavuni na kukata njia kwenye poda.

Bi Mwanamkasi hakulalamika. Alifumba lile jicho, na kwa lile lililobaki akamtazama Mastura.

"Umelala lini mara ya mwisho?"

Mastura alitaka kusema jana. Badala yake akajikuta anasimulia habari za mama yake, amesimama vilevile, brashi mkononi.

"Na huna ndugu?"

"Ninaye kaka, Rama. Yuko Muheza, anauza machungwa."

"Umemwomba aje?"

"Hali anaijua."

"Sikukuuliza kama anaijua."

Bi Mwanamkasi akasogea na kuupiga mto makofi mawili. "Jinyooshe hapo. Mimi naenda kutia udhu, Alasiri haiko mbali. Nikimaliza kuswali utanipaka upya."

"Dakika tano tu," Mastura akasema.

Vigelegele ndivyo vilivyomwamsha. Kivuli cha dirisha kilikuwa kimehamia ukuta wa pili. Alikurupuka, na kwenye kiti karibu na kioo akamwona Bi Mwanamkasi amevaa gauni la kijani, mtandio kichwani. Mawakili wa ndoa walikuwa wamekuja wakamwuliza kama ameridhia, amejibu, wameondoka, na ndoa imefungwa msikitini.

"Nimekuja kukuamsha mara tatu!" Shadya alifoka kutoka mlangoni. "Mama akanizuia."

Bi Mwanamkasi aligeuka. Alikuwa amejipaka maskara mwenyewe. Jicho la kulia halikuwa baya, lakini kope za kushoto zilishikana mafungu mafungu, na tone jeusi lilikuwa limeganda chini ya nyusi.

Mastura alihisi aibu imempanda mpaka masikioni. Akapiga magoti mbele ya kile kiti, akachukua brashi kavu na kuanza kuzichambua kope moja moja. Safari hii mkono haukucheza. Nje wanawake waliendelea kuimba.

"Vipi, nitafaa?" Bi Mwanamkasi akauliza.

"Umependeza, mama. Kweli umependeza."

Kwenye bajaji ya kurudi nyumbani akampigia kaka yake. Hakuanza na salamu ndefu. "Rama, njoo unisaidie mama. Nimechoka."

Kule Muheza kulikuwa na kelele za stendi, kisha zikafifia, kama mtu aliyesogea pembeni. "Mbona hukusema? Nakuja Jumanne, nikishapakia mzigo."

Mastura akashukuru, akakata simu. Leo ilikuwa Jumamosi. Alihesabu usiku tatu, akaegemeza kichwa kwenye bomba la bajaji na kufumba macho mpaka nyumbani.