Mdundo Unaochechemea

Sebahire alikuwa mtu wa masikio. Alifundisha jiografia katika shule moja ya Katindo, mjini Goma, lakini jiografia ilikuwa ya kumpatia chakula tu; moyo wake wote ulikuwa kwenye muziki, na si muziki wowote. Rumba aliwaachia walevi. Kwaya aliwaachia wanaokwenda mbinguni. Yeye alitafuta muziki wa elektroniki, ule unaotengenezwa na watu wenye miwani katika vyumba visivyo na madirisha huko Ulaya, na kadiri ulivyokuwa mgumu kusikilizwa ndivyo alivyozidi kuupenda. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kila alichogundua alikitangaza katika kundi la WhatsApp alilolianzisha mwenyewe na kuliita Masikio ya Kivu. Lilikuwa na watu hamsini na tisa. Wanne kati yao walisikiliza kweli. Wengine wote walikuwa wanafunzi wake wa zamani ambao hawakujua namna ya kutoka bila kumvunjia heshima. Hilo yeye hakulijua. Aliwaandikia habari za besi mpya za Johannesburg, na za Mjapani mmoja aliyerekodi friji kwa saa nzima, na vidole gumba vilipoanza kumiminika alijiona mtume aliyekwishapata taifa lake.

Adui alikuwa naye mmoja tu, na adui huyo aliishi nyuma ya ukuta wake wa mawe ya volkano. Ilikuwa mashine ya kusaga ya Mama Kahambu.

Mama Kahambu alikuwa mjane kutoka Butembo, mwanamke mwenye maneno machache na mikono mikubwa. Tangu asubuhi wanawake walipanga foleni mlangoni pake na beseni za mahindi, mihogo na soya, wengine wakitoka mbali hadi Kibumba. Mashine yake ilikunywa mafuta ya mazutu na kunguruma kama inayogombana na mtu. Tena ilichechemea. Mkanda wake ulikuwa umewahi kukatika, naye akauunga kwa kipande cha tairi na waya, na kila kile kiungo kilipopita kwenye gurudumu mashine iliruka kidogo: ta-ta, TAK, ta-ta, TAK. Mtaa mzima ulilala, ukaamka na kula kwa mlio huo. Sebahire alifunga madirisha, akajitia spika za masikioni, na kwa miaka tisa ya ujirani hakuwahi kuusikiliza hata dakika moja.

Hatimaye aliandika barua kwa Havugimana, shefu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, akiomba mashine ihamishwe kwa sababu inaua utamaduni. Havugimana alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyeweza kumtoa humo: kelele ambayo hajaisikia kwa masikio yake mwenyewe haihukumu. Akajibu kwamba atakuja Ijumaa kufanya constat, yaani atakaa kwenye kiti cha mlalamikaji na kusikia anachokisikia mlalamikaji. Akikuta ni kweli, mashine itafungwa Jumatatu. Nakala ya jibu hilo alimpelekea Mama Kahambu, ambaye aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kusaga.

Wiki hiyohiyo Sebahire akapata ugunduzi mkubwa kuliko wote wa maisha yake. Kulikuwa na msanii mmoja wa Ubelgiji aliyejiita Zéro-Trois, na huyo Zéro-Trois alikuwa ametoa kipande cha dakika kumi na moja. Sebahire alikisikiliza akiwa amesimama, kisha akiwa amekaa, kisha akiwa amelala sakafuni. Mngurumo mzito, na ndani yake mdundo uliochechemea kwa namna ambayo hakuna mpiga ngoma angethubutu. Katikati ilitoka sauti nzito, iliyovutwa polepole, ikitamka maneno yasiyoeleweka. Machozi yalimlenga.

Léoncie, mkewe, alipita na ndoo, akasimama kidogo.

"Papa, hii si inafanana na moulin ya Mama Kahambu?"

Sebahire alicheka hadi akashika mbavu. Akamweleza mkewe, kwa huruma, kwamba masikio nayo hupelekwa shule. Léoncie akainua ndoo yake akaenda zake, maana kwa mume wa namna hiyo hoja hazimalizi kitu.

Siku hiyo Masikio ya Kivu walipokea maelezo katika sehemu nne. Sehemu ya kwanza ilisema kwamba sauti kama hii inaweza kuzaliwa tu katika nchi zenye viwanda vikubwa. Ya pili ilisema kwamba sisi huku hatuna mashine ya kutoa mlio wa namna hiyo, na tusijidanganye. Ya tatu ilihusu ule mdundo unaochechemea, ambao Sebahire aliuita kipaji kitupu, uasi wa msanii dhidi ya saa. Ya nne ilieleza ile sauti ya katikati: ni mashine inayoota ndoto kwamba imekuwa binadamu.

Ijumaa ikafika, na Havugimana akafika pamoja nayo, na daftari lake na muhuri wake. Alikaa kwenye kiti cha Sebahire, akavua kofia, akasikiliza. Kimya. Nje kunguru alilia. Léoncie alileta chai. Havugimana alikunywa kikombe kizima akisikiliza, na bado kimya, kimya cha kijinga ambacho Sebahire alikuwa amekiombea kwa miaka tisa na ambacho kilikuja siku pekee ambayo hakikuhitajika. Alichungulia dirishani. Foleni ya wanawake ilikuwepo, beseni zilikuwepo, mashine haikulia.

Aibu ilianza kumpanda. Ili shefu asichoke akaondoka, alimwambia kwamba wakati wanangoja atamwonyesha ni muziki gani hasa ambao kelele za jirani zinamnyima. Akaunganisha simu na spika zake mbili kubwa, akafungua madirisha ili sauti ipumue, akampigia kile kipande cha Zéro-Trois kwa nguvu zote za betri.

Dakika ya pili haijaisha, mlango wa ua ulisukumwa. Aliingia Mukabalisa, mkulima wa Kibumba aliyekuwa nje tangu asubuhi, na beseni la mahindi kichwani. Nyuma yake walikuja wengine sita. Mukabalisa aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akamuuliza Léoncie kwa heshima moulin mpya imewekwa wapi, na kama wanamwaga mahindi humuhumu sebuleni.

Havugimana aliweka kikombe chini, akafungua daftari.

Ndipo alipoingia Mama Kahambu mwenyewe, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko. Hakusalimia mtu. Alisimama katikati ya sebule, kichwa amekiinamisha upande, kama mama anayesikia mtoto wake akilia nyumba ya watu.

"Hii ni mashine yangu," akasema.

Sebahire akamwambia hapana, hii ni kazi ya Mbelgiji. Mama Kahambu akamnyooshea kidole chenye grisi, akimtaka angoje. Ta-ta, TAK. Hicho, akasema, ni kipande cha tairi nilichokiunga mwenyewe. Akaeleza kwamba kiangazi kilichopita alikuja kijana mmoja wa mjini, jina lake Carlos, na kitu chenye manyoya juu ya fimbo, naye alidhani ni paka amefungwa. Kumbe ni mikrofoni. Kijana alikaa siku mbili kwenye mashine, akasema anakusanya milio kwa ajili ya rafiki yake aliyeko ng'ambo, akapewa unga, akaondoka.

Sebahire alishika simu. Mtu aliyeandika sehemu nne kuhusu kipande kile hakuwahi kusoma mistari miwili iliyoandikwa chini yake. Aliisoma sasa. Ilimshukuru Carlos, wa Goma, kwa milio yote.

Wakati huo ile sauti nzito ya katikati ikaanza. Mama Kahambu akatikisa kichwa.

"Na huyu ni mimi. Banavuta sauti yangu mupaka ikakuwa ya ngombe, lakini ni mimi. Nilikuwa naambia ule mutu wangu wa kumwanga mahindi, kwa Kinande: enda polepole, hii mukanda iko muzee, itakatika."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Havugimana alisubiri hadi kipande kikaisha chote, dakika kumi na moja, kwa kuwa constat ni constat. Kisha akainua kalamu.

"Prof, mi naandika kile nimesikia, na nimesikia moulin ikilia mu nyumba yako. Sasa uniambie wewe mwenyewe: hii ni makelele ama ni muziki?"

Sebahire alimwangalia Léoncie, na Léoncie aliangalia ndoo yake. Akisema ni makelele, hamsini na tisa wataambiwa na shefu mwenyewe kwamba mtume wao analia machozi kwa ajili ya makelele. Akisema ni muziki, barua yake ni ya kufungia sambusa. Maji yalikuwa shingoni.

"Ni muziki, Shefu."

Havugimana akaandika, akapiga muhuri. Mashine ibaki.

Sasa, mtu mwingine angenyamaza mwezi mzima. Sebahire alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu Masikio ya Kivu walipokea sehemu ya tano, ikieleza kwamba kwa muda mrefu alikuwa akihisi kwamba chimbuko la sauti mpya duniani liko Goma, hatua ishirini kutoka kitandani pake, na kwamba Jumamosi atawapeleka wanachama kulisikiliza chimbuko hilo moja kwa moja. Walikuja kumi na mmoja, umati ambao hakuwahi kuupata. Aliwapangia viti mbele ya mashine, kando ya foleni ya beseni, akawaomba wasipige makofi kabla ya mwisho.

Mama Kahambu akawasha mashine.

Ikanguruma laini, sawasawa, bila kuruka hata mara moja. Sebahire alisubiri ule mguu mfupi wa mdundo. Haukuja. Mahindi yaliingia, unga ukatoka, wanachama wakaanza kuangalia simu zao. Akamwendea Mama Kahambu, akamwinamia sikioni, akamwuliza mdundo umekwenda wapi.

Mama Kahambu akamwonyesha mkanda mpya, mweusi, unaong'aa. Binamu yake alikuwa amemletea kutoka Butembo asubuhi hiyohiyo.

Sebahire akamsihi arudishe ule wa zamani, hata kwa saa moja. Mama Kahambu akamwangalia bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ile iko mu vipande, Prof. Ingefika Noeli kama ningeenda nayo polepole, lakini juu ya barua yako Shefu aliandika bafunge moulin lundi. Nikasaga siku tatu bila kuzimisha, juu bamama ba Kibumba basirudie na mahindi yabo. Njo ikakatika ile Ijumaa asubui."

Akageuka kumsaidia Mukabalisa kushusha beseni.

Sebahire alirudi kwenye viti, akaketi. Alikuwa na aibu, si ile ya kuchekwa aliyoizoea, bali aibu ya kweli, ya mtu aliyepewa kitu miaka tisa bure na kukiua siku alipokijua. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani akamuuliza kwa adabu muziki utaanza saa ngapi. Safari hii hakukuwa na sehemu ya sita.

"Ilikwisha Ijumaa," akasema. "Ni mimi njo niliikata."

Kisha akainuka, akampisha mama mmoja aliyekuwa akitafuta mahali pa kuweka beseni lake.