Kifaru Dhidi ya Radi

Tawi lenyewe halikuwa la kutisha. Lilikuwa la mkaratusi uliosimama nyuma ya nyumba ya daktari wa meno, na kila upepo ulipovuma lilikwaruza mabati ya jikoni kwa mlio uliomkera mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu mkuu, na hakuzoea kitu kipige kelele bila ruhusa yake.

"Mwite mtu aje alikate," akamwambia mumewe.

"Mtu wa nini? Siku hizi kila mwenye nyumba ana msumeno wake wa mashine. Nitanunua, nilikate mwenyewe."

Maishani mwake daktari hakuwahi kukata kitu kinene kuliko gego. Lakini neno likishamtoka halirudi, basi jioni ile ile akaanza kuchunguza misumeno kwenye simu. Alitazama wanaume wenye ndevu za kutosha wakiangusha misitu mizima huku wakicheka. Akajifunza kwamba ipo misumeno ya petroli, ipo ya betri, na ipo ya waya wa umeme. Ya waya aliikataa mapema, kwa kuwa waya usingefika mtini. Akabaki na aina mbili zilizosifiwa kwa matumizi ya nyumbani: Kifaru, ya petroli, na Radi, ya betri. Akazilinganisha uzito, urefu wa bapa, mafuta ya mnyororo na rangi. Wiki zikapita. Tawi likaendelea kukwaruza.

Kazini aliwaeleza wagonjwa. "Kwa mtu anayekata mara moja moja, kama mimi na wewe," alisema huku vidole vyake viko kwenye taya la chini la mgonjwa, "betri si ndiyo bora?" Mgonjwa, pamba mashavuni, alijibu, "Aaa." Daktari akaihesabu kuwa kura ya Radi. Radi ikapata kura nyingi sana mwezi ule, na mwisho akainunua.

Habari zikamfikia shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyu alikuwa muuza magodoro. Alikuwa ameshinda miaka yote akiuza vitu laini, na moyo wake ulitamani kitu kigumu. Siku ile ile akanunua Kifaru, ingawa kwake hapakuwa na mti hata mmoja.

"Shemeji, hiyo yako ni ya kukaushia nywele," alisema alipokuja kuionyesha. "Kitu cha kukata mti lazima kingurume."

"Kingurume kwa tawi moja? Petroli ikikaa humo mwaka mzima inaharibika. Mimi nachaji, nabonyeza, nakata."

"Na betri ikikuishia katikati ya mti?"

"Nitakunywa chai ikichaji."

"Mwanamume hanywi chai juu ya ngazi!"

Ugomvi ukakolea mpaka wakaacha kusalimiana kwenye kikundi cha familia. Ndipo baba mkwe akaingilia. Alikuwa hakimu mstaafu, na tangu astaafu hakuwa ameamua kitu chochote isipokuwa mpira wa kwenye televisheni, ambako hakuna aliyemsikiliza. Akawapigia simu wote wawili. "Nitalisikiliza shauri hili Jumamosi," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudia ujana.

Jumamosi hiyo mwalimu mkuu alikuwa kwenye mkutano wa wazazi. Baba mkwe alifika amevaa tai. Daktari akamwamkia kwa kuinama kidogo, kama alivyofanya tangu alipoposa, akamwekea kiti kivulini. Kati ya wawili hao hapakuwahi kupita maneno zaidi ya salamu na hali ya hewa. Mzee alikuwa akimwona mkwewe kama mtu wa vitu vidogo vidogo.

Daktari alivaa miwani ya kliniki, aproni ya plastiki na viatu vya mvua. Muuza magodoro alivaa kofia ya pikipiki. Ngazi ilikuwa tayari imeegemezwa mtini.

"Simameni," akasema hakimu. "Tawi ni moja. Akilikata huyu, yule atakata nini? Na mkigawana, mmoja atapata upande mnene, mwingine mwembamba. Hiyo si haki."

Daktari akaitazama ngazi, akaona kweli si haki. Shemeji naye akakubali upesi kuliko ilivyokuwa desturi yake.

"Leteni vitu viwili vinavyofanana," akaamuru mzee.

Wakaanza na magogo mawili ya kukalia. Muuza magodoro alivuta kamba ya Kifaru, akavuta tena, akavuta mpaka jasho likamtiririka ndani ya kofia, huku daktari amekunja mikono kama mwenye benki. Ghafla Kifaru ikanguruma, kuku wa jirani wakaruka ua, na gogo likawa vipande viwili. Radi ilikata pia, kwa sauti ya nyuki aliyekasirika, ila ikachelewa kidogo.

"Gogo langu lilikuwa na fundo, baba!" daktari akalalamika.

Hakimu akainuka, akalikagua fundo, akarudi kitini. "Pingamizi limekubaliwa. Leteni vingine."

Zikaja nguzo mbili za kamba ya kuanikia nguo. Hapo mnyororo wa Kifaru ulichomoka, Radi ikashinda, na muuza magodoro akaurudisha huku akidai hitilafu si kushindwa. Pingamizi likakubaliwa. Yakaja mabenchi mawili ya zawadi ya harusi. Vumbi la mbao lilikuwa limejaa nyusi za daktari, na moyoni alihisi raha asiyoijua jina. Kila alipoinua macho alimwona baba mkwe akimtazama yeye, si saa yake.

"Vizuri, kijana," mzee akamwambia. Daktari alikuwa na mvi, lakini angeweza kukata mji mzima kwa neno lile.

Hatimaye uani hapakubaki kitu chenye pacha. Hakimu akageuka kitini taratibu, macho yakatua kwenye nguzo nne za baraza la uani.

"Fundi mmoja, mbao moja, rangi moja," akanong'ona. "Usawa kama huu sikuuona hata mahakamani."

"Baba, zile zinabeba paa," daktari akasema.

"Zinabeba za pembeni," shemeji akamkatiza. "Za kati ni urembo tu. Mimi nauza magodoro, lakini nyumba naijua."

Daktari alijua hili ni jambo la kipumbavu. Alijua kama anavyojua jino bovu kwa kulitazama. Lakini mzee alikwishainua mkono, na mkono uliposhuka, mashine zote mbili ziliingia mbaoni. Nguzo mbili za kati zilikatika kwa pamoja, katika pumzi moja.

"Sare!" hakimu akapiga kelele kwa furaha, amesimama wima.

Paa likalia. Lilianza kwa mlio mwembamba, kisha likainama kama mtu anayesinzia.

"Zimeni mashine! Shikeni!"

Wakazima, wakatupa, wakatia mabega. Mzee mwenyewe akaja mbio, tai ikipepea, akajisukuma katikati yao akaupa ukuta mgongo, mikono juu. Paa likatulia. Wakabaki hivyo, wanahema, hakuna wa kuweza kutoka.

Ndivyo mwalimu mkuu alivyowakuta. Alizitazama nguzo za nguo, akayatazama mabenchi ya harusi yake, akalitazama tawi, ambalo lilikuwa bado linakwaruza.

"Baba," akasema mwisho.

"Naam, mwanangu."

"Nani ameshinda?"

"Shauri linaendelea," mzee akajibu, bila kumtazama.

Mwalimu mkuu akampigia fundi seremala, kisha akaingia ndani, akatoka na chai. Akamnywesha babake kwanza, kikombe mdomoni, polepole ili asiungue. Akamnywesha ndugu yake. Mumewe alikuwa wa mwisho, na chai yake haikuwa na sukari. Daktari aliinywa yote, akashukuru.

Fundi alipofika alisema anahitaji miti ya kuegemeza paa, haraka. Uani palikuwa na vipande vingi, vyote vifupi kwa ajili ya haki. "Chukua lile," mwalimu mkuu akasema, akionyesha kwa kidole tawi la juu ya mabati ya jikoni.

Daktari alikuwa ameelekea ukutani. Alisikia ngazi ikilia kwa uzito wa fundi, kisha msumeno wa mkono, mbele na nyuma, bila haraka. Alijaribu kugeuza shingo.

"Usigeuke," baba mkwe akamwambia, bega lake likiwa limegusana na la mkwewe. "Utaliangusha paa. Nitakuelezea mimi."

"Amefika wapi, baba?"

"Nusu. Anajifuta jasho. Sasa anaendelea. Linaanza kuinama... subiri..."

Nyuma yao kitu kizito kilianguka chini, na majani yakaachia harufu kali.

"Limeangukaje?" daktari akauliza.

"Vizuri," mzee akasema. "Limeanguka vizuri sana, mwanangu. Shika hapo upande wako, paa linalegea."