Matairi ya Mtu Mwenye Hasira

Matairi yale yalikuwa na meno yote. Hilo ndilo lililotudanganya. Kila mgeni aliyeingia uani, baba alimpeleka kwanza kwenye gari kabla ya kumpa kiti. "Weka kidole kwenye mfereji," alisema. Mgeni anaweka, kidole kinazama, anatikisa kichwa kwa heshima. Lakini gari lenyewe lilikuwa halitembei. Meno yangekwishaje? Lilikuwa gari la mbio la zamani, jekundu lililofifia likawa rangi ya tofali, milango miwili, viti viwili, limelala chini kiasi kwamba hata kuku waliinama kupita uvunguni.

Tulilitoa kwenye yadi ya kiwanda. Nasema tulilitoa, magazeti yalisema tuliliiba, na mwandishi aliyeandika hivyo ninamjua mpaka leo, huwa simwitikii salamu. Kampuni ilipofunga kiwanda cha matairi, meneja aliondoka mbiombio, akaliacha gari lake juu ya mawe, halina hata tairi moja. Wafanyakazi wakaingia, baba akiwa miongoni mwao, wakawasha mitambo kwa mara ya mwisho, wakaunda matairi manne ya saizi yake. Wakamkabidhi baba gari na matairi yake, kwa kuwa ndiye aliyewasemea mbele ya Kampuni muda wote wa mgogoro. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mitambo ni chakavu, haifai hata kwa bure. Haikupita muda, mitambo ileile ikasuguliwa, ikapakizwa kwenye makontena, ikaenda kufanya kazi nchi nyingine, na matairi yake yakaanza kurudi kwetu yamefungwa nailoni kama peremende.

Watu walioniita Kipaza kwa kusema sana huniambia, yaliyopita si ndwele. Ndwele ni nini basi, kama si kile kilichokuwa kifuani mwa baba yangu? Aliunda matairi ujana wake wote ndani ya vumbi la masizi. Akipiga chafya, leso inakuwa nyeusi. Daktari wa Kampuni alimwuliza anavuta sigara ngapi kwa siku, naye hakuwahi kuvuta hata moja. Daktari akaandika sigara.

Siku gari lilipoingia uani, mdogo wangu wa kike alikuwa bado anavaa sare ya shule. Baba alimwinua akamkalisha kwenye kiti cha pembeni ya dereva. "Hili ndilo litakalokupeleka kwa mumeo," alimwambia, "na dereva ni mimi. Kaka yako atafuata nyuma na baiskeli." Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha mama akafariki, kifua cha baba kikaanza kufunga, na dada yangu akawa ndiye nesi, ndiye mpishi, ndiye wa kumwinua baba asubuhi na kumgonga mgongo. Wachumba walikuja, wakasubiri, wakachoka, wakaoa kwingine. Aliyebaki ni mmoja, mgane anayefundisha hesabu, tuliyemwita Mwalimu. Kila Jumapili alikuja na bisibisi mfukoni, akatengeneza chochote kilicholegea nyumbani, akanywa maji, akaenda zake. Siku moja dada aliniambia, "Kaka, milango yote imeshakazwa. Mwalimu hana tena cha kutengeneza. Nimwambie nini?" Nikamwambia amwambie ndiyo.

Harusi ikapangwa. Fundi jirani akalifufua gari, injini ikakohoa na baba akakohoa, fundi akasema wanaitikiana. Nilizunguka nalo mtaa mmoja tu. Niliporudi dada alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni.

"Kaka, njoo uone. Tairi limeota jipu."

Ubavuni mwa tairi la mbele palikuwa na uvimbe mkubwa kama ngumi. Na sasa kwa kuwa tulikuwa tumeinama, tuliona mengine: nyufa nyembamba zimezunguka mpira wote, kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Mpira hufa ukiwa umesimama. Meno yanabaki, roho inatoka.

Baba alikuwa kibarazani. "Jipu ni la nje," alisema. "Ndani ni waya tupu. Nililiunda mwenyewe."

"Uliliunda lini, baba?" dada akamwuliza.

Baba akageuza uso kulitazama gari.

"Sitaki kupasukiwa njiani na gauni jeupe. Kama ni hayo, nitakwenda kwa miguu."

Alisema bila kupaza sauti, akaingia ndani kukoroga uji. Baba akaletewa uji. Akaunywa wote, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kisha akaniambia, "Kesho tafuta teksi. Twende dukani."

Duka la matairi lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mpira na solisheni, ile gundi ya kuzibia pancha, matairi yamepangwa mpaka kwenye dari. Mwenye duka tulimwita Bwana Upepo, kwa kazi yake na kwa maneno yake. Gari nililipeleka mimi polepole, baba akafuata na teksi. Bwana Upepo alitazama namba ubavuni mwa tairi, akapiga mluzi.

"Mzee wangu, ringi hii ni ya makumbusho. Gari kama hili watu wanaliangalia, hawalipandi." Alipoona hatucheki akaingia ndani, akarudi na matairi matatu ya namna tatu, akayaegemeza ukutani.

La kwanza lilikuwa la mtumba kutoka ng'ambo, limekwanguliwa na kupakwa rangi nyeusi likang'aa. La pili lilikuwa jipya, la bei ya mtu wa kawaida, gumu, lililotengenezwa kwa teksi ndogo; Bwana Upepo alisema litadumu kuliko sisi sote. La tatu lilikuwa laini, mifereji mipana, limetengenezwa mahsusi kwa magari ya mbio ya zamani. Nilisoma jina ubavuni nikahisi damu inapanda. Lilikuwa la Kampuni.

"Hilo lirudishe," nikasema.

"Kijana, hilo ndilo lenye saizi kamili. Hilo la teksi lina bega nene, ukikata kona litakwaruza bodi."

"Likwaruze. Baba, hilo la pili linatosha. Ni la watu wasiotudhulumu wala kutuua."

Baba alikuwa amekalishwa juu ya rundo la matairi, mkongojo kati ya magoti, anavuta pumzi kwa kituo. Aliomba aletewe la teksi. Akalibonyeza kwa kidole gumba, halikubonyea. Akaomba la Kampuni. Akalibonyeza, likabonyea likarudi. Akaingiza mkono ndani, akapapasa palipoungwa, taratibu, kama mtu anayetafuta mshipa wa mgonjwa.

"Hili," akasema.

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika yote. Nilimkumbusha daktari na sigara zake. Nilimtajia waliokufa, mmoja mmoja kwa majina yao ya utani, Kobe, Msumari, Bibi Solisheni. Bwana Upepo akajifanya anapanga valvu. Nikasema, hawa wametula nyama, leo tunawanunulia na chumvi?

"Umemaliza?" baba aliuliza.

"Bado."

"Basi endelea, mimi napumua."

Nikaketi juu ya tairi karibu naye. Ndipo akasema, "Hili halijaundwa na meneja. Yuko mtu mahali, kama mimi, anapiga chafya nyeusi. Amekunja vizuri. Sina ugomvi na mkono wake."

"Lakini laini litaisha haraka," nikasema. "Hili la teksi ni la maisha. Na wewe, baba, huendeshi kwa kasi."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa na maji, lakini yalikuwa hivyo siku zote kwa ajili ya kikohozi.

"Mimi siendeshi," akasema. "Wewe ndiye utakayeendesha, na wewe unaendesha kwa hasira. Kona unaiingia kama unaidai. Barabara ya kwa Mwalimu inashuka na mvua zimeanza. Tairi la mtu mwenye hasira lazima lishike. Hilo gumu nisingekuwa na shaka nalo kama ningeendesha mwenyewe."

Bwana Upepo alisimama na valvu mkononi. Nilielewa kwamba baba hakuamua asubuhi ile. Alikuwa amejua tangu masika yaliyopita, pengine kabla, kwamba mguu wake hautasukuma tena klachi. Alikuwa amemwacha binti yake aendelee kuamini, naye anawaonyesha wageni mifereji.

"Dada anajua?"

"Mwache ajue siku yenyewe. Akijua leo ataahirisha. Amekwisha kuahirisha vya kutosha."

Matairi ya zamani yakavuliwa. Lile la jipu, Bwana Upepo alipoingiza chuma kulitoa kwenye ringi, lilipasuka lenyewe, bila kishindo, kama mkate mkavu. Kiwandani walikuwa na desturi ya kuandika kwa chaki ndani ya tairi kabla halijapikwa, kila mkono ulioligusa alama yake, na moto huzifunga humo. Baba aliomba kipande. Kobe alikuwepo. Msumari alikuwepo. Alizisoma alama zote, akakirudisha kipande kwenye takataka. "Weka mapya," akasema, "na upepo usizidishe."

Siku ya harusi kifua kilifunga tangu alfajiri. Shangazi alikuwa pale na maji ya moto na taulo. Upande wa Mwalimu ulikuwa umeleta gari kubwa la kumbeba baba, lakini hakuweza kuvuka kibaraza; kila hatua ilimgharimu pumzi asizokuwa nazo. Tulimvalisha shati jeupe, tukamkalisha mlangoni.

Dada alitoka na gauni lake, akaniona nimeshika ufunguo. Akamtazama baba, akaelewa, na uso wake nisingependa kuuona tena.

"Ulisema ni wewe," akamwambia.

"Nilisema."

"Basi nivue gauni."

"Viti ni viwili, mwanangu." Ilimchukua muda kufika mwisho wa sentensi. "Mimi nimekuchagulia hicho cha pembeni. Nimekichagulia kila kitu, mpaka matairi. Kakae."

Shangazi akamshika mkono, akamwingiza garini, akakunja gauni lote mapajani kwake kama anafunga nepi. Baba aliinua mkongojo kidogo. Nikawasha gari nisije nikaona zaidi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ya kwa Mwalimu ilikuwa inang'aa. Inashuka, ina kona mbili mbaya, na chini kuna daraja jembamba. Dada hakulia. Alikuwa amegeuka nyuma, shingo imenyooka, anatazama mahali nyumba ilipokuwa hata baada ya nyumba kutoonekana. Niliingia kona ya kwanza kwa kasi. Sikukusudia. Nilikuwa ninamfikiria daktari, nilikuwa ninamfikiria meneja, na mguu ukafanya kama unavyofanya siku zote. Gari halikuyumba. Likalala barabarani kama kitu kilichopigiliwa misumari, likatoka upande wa pili.

Nikapunguza mwendo. Kona ya pili niliipita taratibu kama ninabeba maji kichwani, huku nikitamani tairi moja, moja tu, liteleze kidogo, ili nipate kuichukia Kampuni kwa moyo mmoja.

Yalishika yote manne.